Winchi ya gari dogo isifungwe kwenye ngao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo lililonikaa moyoni tangu Jumamosi iliyopita.

Nilikuwa natoka Chimala kurudi nyumbani Rujewa, nikasimama kwenye gereji moja kando ya barabara kuu nijaze upepo. Pembeni ilikuwa imeegeshwa Suzuki Jimny nyeupe, gari dogo kama langu, na vijana wawili walikuwa wanamalizia kuifungia mbele winchi ya umeme, ile mashine ya kulivuta gari lililokwama kwa kamba au waya. Winchi yenyewe ya paundi 12,000. Wameikalisha juu ya ngao ya bomba, ile ngao ya kupendezesha inayoshikiliwa na vibati viwili na bolti nne nyembamba. Nikauliza kama imefika kwenye chasisi. Kijana mmoja akafuta mikono, akanisalimu vizuri, akasema: "Hapana mzee, imeshikwa na ngao. Lakini ngao ni ngumu. Mwenye gari anataka ipendeze tu, siku ikibidi ndiyo itavuta."

Mhariri, siku ikibidi ndiyo siku yenyewe. Siku hiyo gari limelala tumbo kwenye matope, mvua inanyesha, giza linaingia, na watoto wa kijiji wamejipanga pembeni kutazama. Nalijua hili kwa sababu siku yangu ilishafika, na ngao yangu haikuwa ngumu kama nilivyoambiwa.

Nilikuwa afisa mifugo katika Bonde la Usangu kwa miaka 27. Nimestaafu, lakini wafugaji bado wananipigia simu, na nikiweza naenda. Asiyeijua mbuga ya Usangu anaweza kudhani ni uwanda tu, tambarare, gari linapita popote. Kiangazi ni kweli. Udongo mweusi unapasuka nyufa ambazo mguu wa ndama unazama, na unaendesha ukiwa umeacha vumbi kilomita nzima nyuma yako. Mvua zikianza mwishoni mwa Novemba udongo uleule unakuwa gundi. Tairi linajaa tope mpaka kashata hazionekani, linazunguka laini kama sahani, na kadiri unavyokanyaga mafuta ndivyo linavyojichimbia kaburi. Hali hiyo inaendelea mpaka Aprili.

Nilinunua Jimny kwa sehemu ya kiinua mgongo changu, ya injini ya lita 1.3, ile iliyotumika Japani. Sijutii. Suzuki wanatengeneza jamii hii ya magari tangu mwaka 1970, na sababu ya watu kuyapenda porini ni moja: ni mepesi. La kwangu tupu lina kilo 1,060 hivi. Linapita kwenye kingo za majaruba ambako gari kubwa lingebomoa kingo za watu. Lakini wepesi hauliokoi chasisi ikishakaa juu ya tope na magurudumu yote manne yakawa yananing'inia. Hapo fowili haina kazi.

Usiku mmoja wa Machi alinipigia mama mmoja wa Kisukuma anayekaa upande wa Madibira. Mtamba wake alikuwa anazaa kwa mara ya kwanza, ndama katanguliza mguu mmoja na kichwa kimegeuka nyuma. Nilikwama nikiwa nimebakiza kama kilomita mbili. Nilichimba kwa jembe saa mbili nzima, nikatandika matawi na magunia, gari likasogea urefu wa hatua tatu likazama tena. Mwisho nikaliacha, nikabeba begi langu nikatembea. Nilipofika mbalamwezi inakaribia kuzama. Ndama alikuwa amekufa, na mtamba hakuinuka tena, tulimchinja asubuhi. Mama yule hakunilaumu. Alinipa maziwa ya mgando na mwanawe akaenda kuleta maksai wanne walivute gari. Nikiwa naangalia wale maksai wanavyolitoa gari langu bila haraka, hatua kwa hatua, nikaamua kwamba sitatoka tena masika bila kitu cha kujivutia mwenyewe.

Hapo ndipo nilipokosea, na makosa yangu nayaeleza yote ili mwingine asiyarudie.

Kosa la kwanza lilikuwa dukani. Winchi huandikwa uwezo wake kwa paundi, ile ambayo wazee wetu waliiita ratili, na paundi moja ni kama gramu 454. Muuzaji aliniambia kubwa ndiyo nzuri, nikachukua ya paundi 9,500, yaani zaidi ya kilo 4,300 za mvuto. Sikufanya hesabu. Hesabu inayotumiwa na watu wa kazi hii ni rahisi: chukua uzito wa gari likiwa limepakia mpaka mwisho, zidisha mara moja na nusu. Jimny yangu mwisho wake ni kilo 1,420. Mara moja na nusu ni kilo 2,130, ambazo ni paundi 4,700 hivi. Kwa hiyo winchi ya paundi 5,000 au 6,000 inatosha kabisa. Ile ya 12,000 niliyoiona Jumamosi ina mvuto wa tani tano na zaidi. Gari likigoma kutoka matopeni, winchi hiyo haitachoka. Itaendelea kuvuta mpaka kitu kingine kikatike, na katika gari dogo kitu hicho kitakuwa ngao, au bolti, au chasisi yenyewe. Winchi inayolingana na gari husimama kabla gari halijararuka. Huo ni ulinzi ambao ukinunua kubwa unaulipia ili uupoteze.

Tena kuna uzito wake. Winchi kubwa yenye waya wa chuma ina kilo 40 na kuelekea juu, ongeza na ngao, na vyote vinakaa mbele ya ekseli ya mbele. Kwa lori si kitu. Kwa gari la tani moja, springi za mbele zinakaa chini, taa zinamulika ardhini, na pua inazama kwenye tope kabla ya gari lenyewe.

Kosa la pili lilikuwa kutomuuliza fundi aliyenifungia. Alikuwa mtu mwema na mwenye bidii. Aliifunga kwenye ngao iliyokuwepo, akachomelea vipande viwili vya angle vya kuongeza nguvu, akapaka rangi nyeusi, ikapendeza. Umeme akautoa kwenye betri kwa nyaya za jampa alizozikata, na hasi akaishika kwenye bodi karibu na taa. Tulijaribu uwanjani kwa kuvuta gari likiwa nyutro. Likaja kama mtoto anayeitwa. Nikalipa nikaondoka.

Jaribio lile halikupima chochote, kwa sababu gari linaloviringika penye sakafu ngumu halihitaji hata robo ya nguvu. Likizama mpaka nusu ya magurudumu, kulivuta kunataka nguvu inayokaribia uzito wake wote. Likizama mpaka tope linagusa bodi, ni kama mara mbili ya uzito wake. Hesabu hizi zinatumika hata jeshini, na mimi nimezithibitisha kwa mgongo wangu.

Januari iliyofuata nilikuwa na msaidizi wangu tunakwenda kuchanja mbuzi na kondoo dhidi ya sotoka. Chanjo ilikuwa kwenye kasha la barafu. Kwenye korongo moja gari likateleza likalala ubavu wa kushoto, tope mpaka mlangoni. Nikafurahi, kusema kweli: leo tutaona kazi ya winchi. Nikavuta waya mpaka kwenye mgunga, nikauzungusha kwenye shina na kuurudishia kulabu yake kwenye waya wenyewe. (Hilo nalo si sahihi. Waya hujikata wenyewe hapo kwenye kulabu, na mti unachunwa gome mpaka unakufa. Mti hufungwa kwa mkanda mpana.) Wakafika vijana wachungaji watatu. Mmoja wa miaka kumi na mbili hivi alisimama pembeni ya waya, fimbo begani, mikono imening'inia juu ya fimbo kama wanavyosimama. Nilimwambia asogee, akasogea hatua mbili, nami nikaridhika.

Nikabonyeza. Waya ukakaza, gari likatikisika, halafu likagoma. Nikasikia harufu ya mpira unaoungua, nikaona moshi chini ya boneti, na nikaendelea kubonyeza kwa sababu niliona tumebakiza kidogo. Kibati cha kushoto kikakatika. Ngao ikafunguka kama mlango, na waya ukafagia hewa upande wa yule mtoto. Uliipiga fimbo. Ile fimbo ya mpingo, ngumu kiasi kile, ilivunjika vipande viwili juu ya bega lake na yeye akaanguka chini. Nilidhani ameondoka. Alikuwa na mchubuko shingoni upande wa sikio, basi. Sentimita kumi zaidi, nisingekuwa na la kumwambia baba yake.

Chanjo iliharibika yote siku ile. Siitaji kwa uchungu tena.

Nimesimulia kwa urefu ili msomaji aone kwamba mambo mawili yaliharibika kwa pamoja, na yote mawili yalifanyika siku ya kufunga, miezi kabla ya ajali. Moja ni chuma, jingine ni umeme. Kuhusu chuma, winchi haipaswi kushikwa na kitu chochote kinachoshikwa na bampa. Nguvu inatakiwa itoke kwenye kamba, iingie kwenye winchi, iende moja kwa moja kwenye mihimili miwili ya chasisi. Jimny ina bahati hapo, kwa sababu chini yake kuna chasisi ya ngazi kama ya lori, si bodi tupu kama magari mengi madogo ya siku hizi.

Baadaye nilimpata fundi mmoja Mbeya mjini aliyezoea matrekta na pawatila. Kabla hajagusa winchi alilala chini ya gari nusu saa na futi kamba na chaki. Akakata bamba la chuma la milimita 6, akalikunja, akalitolea mikono miwili inayoingia kwenye ncha za mihimili ya chasisi na kushikwa kwa matundu yaliyopo tayari, kwa bolti za milimita 12 zenye namba 8.8 kichwani, ambayo ni namba ya nguvu yake, washa nene na nati za kujifunga. Hakuchomelea chochote kwenye mihimili yenyewe. Nilimuuliza kwa nini, akasema chuma cha chasisi kikichomwa ovyo hupoteza ugumu pale pembeni mwa mshono, na ufa huanzia hapo. Akalikalisha bamba chini kidogo ili upepo uendelee kufika kwenye rejeta, maana winchi iliyosimama katikati ya grili kwenye gari dogo huchemsha injini mlimani. Kulikuwa na nyaya za rangi ya manjano nyuma ya bampa. Msaidizi wake alitaka kuzikata zipishe, akamshika mkono. Rangi ile kwa kawaida ni ya mifuko ya hewa inayomlinda dereva. Na yale macho madogo ya mbele ambayo watu wengi wanafungia kamba, alinionyesha kwamba ni ya kufungia gari lisitembee likiwa melini. Si ya kuvutia gari lililokwama. Akanitengenezea jicho lake kwenye bamba lilelile.

Sasa umeme, na hapa naomba mafundi wanisikilize kwa makini, kwa sababu wengi wao ni hodari wa chuma kuliko wa waya. Winchi ya volti 12 ikivuta mzigo mzito hula ampia 300 na kuelekea 400. Ni kama kupiga selfu dakika nzima bila kuacha. Chukua waya mwembamba wa jampa, wenye milimita 6 za mraba za shaba, urefu wa mita nne kwenda na kurudi. Ukipitisha ampia 300 unapoteza volti tatu na nusu njiani. Kati ya volti 12 zako, winchi inapata chini ya tisa. Zile zilizopotea zinageuka joto, na joto lenyewe linapita wati 1,000, sawa na pasi ya umeme iliyowashwa ndani ya boneti, jirani na mpira wa petroli. Waya wa milimita 50 za mraba, kwa urefu uleule, hupoteza chini ya nusu volti. Bei yake inauma. Ilikuwa sehemu kubwa ya gharama yangu yote, na fundi yule alikataa kuendelea mpaka nilipoununua.

Waya wa hasi nao urudi kwenye betri yenyewe kwa unene uleule. Kuushika kwenye bodi ni kuziambia ampia 300 zitafute njia zenyewe kupitia kutu na rangi na viunganishi vidogo. Kati ya betri na winchi iwekwe swichi kubwa ya kukatia, ambayo mkono unaifikia kwa haraka, kwa sababu rilei za winchi, zile swichi zake za ndani, zikikwama winchi inaendelea kuvuta hata ukiachia remoti. Pasipo swichi hiyo utakimbilia spana ya kufungulia betri huku gari likijipandisha juu ya mti.

Betri ya Jimny ni ndogo, na altaneta yake haiwezi kufikia hata theluthi ya kile winchi inachokula. Kwa hiyo karibu kila kitu kinatoka kwenye betri. Dakika moja ya ampia 300 ni ampia-saa 5, na altaneta inahitaji dakika kadhaa kuzirudisha. Ndiyo maana huvutwa kidogo, sekunde 30 au dakika moja, halafu unapumzisha, injini ikiwa inaunguruma na mzunguko wake umepandishwa kidogo. Kupumzika huko kunaipoza na mota, ambayo haina feni. Nikishika mota kwa mkono na siwezi kuuacha hapo, nasubiri. Nikiwa na haraka, nakumbuka ile fimbo.

Winchi niliyo nayo sasa ni ya paundi 6,000, na haifiki kilo 25 pamoja na kamba yake. Ile kubwa niliiuza kwa mtu mwenye Land Cruiser. Waya wa chuma nimeuacha, natumia kamba ya nyuzi za sintetiki. Siidai kuwa bora kwa kila mtu. Mchanga unaikata kutoka ndani na jua linaidhoofisha, kwa hiyo naiosha kwa maji mengi na kuifunika kwa turubai, na pale inapopitia nimeondoa roli za chuma nikaweka mdomo laini wa alumini. Lakini ni nyepesi, haina miiba inayochana viganja, na ikikatika hairudi kwa nguvu kama waya. Kwa mtu anayefanya kazi katikati ya watoto wa wafugaji hilo linatosha.

Jambo ambalo sikuwahi kuambiwa na muuzaji ni kwamba ule uwezo ulioandikwa kwenye winchi ni wa safu ya kwanza tu ya kamba kwenye ngoma, lile pipa ambalo kamba hujizungusha. Ngoma inavyojaa, nguvu inapungua, na kwenye safu ya nne inabaki asilimia 60 hivi. Winchi yangu ya 6,000 inakuwa ya 3,600, na hizo ni kilo 1,600 tu. Gari lililozama mpaka bodini halitatoka kwa hizo. Hapa ndipo kapi, kile kigurudumu cha kupitishia kamba, inapookoa. Nimezaliwa Kilwa Kivinje, na baba yangu mdogo alikuwa baharia wa jahazi. Tangu utotoni nimeona watu wachache wakipandisha foromali nzito, ule mti wa kushikia tanga, pamoja na tanga lake, kwa sababu henza, kamba ya kupandishia, imepita kwenye kapi. Winchi ni hivyohivyo. Kamba inatoka kwenye winchi, inazunguka kapi iliyofungwa mtini, inarudi kwenye jicho la gari. Nguvu inakaribia mara mbili, mwendo unakuwa nusu. Na kwa kuwa umetoa kamba ndefu zaidi, ngoma imebaki na safu za chini ambazo ndizo zenye nguvu. Kumbuka tu kwamba mti nao unabeba mara mbili. Na kamba isitolewe mpaka mwisho: angalau mizunguko mitano ibaki kwenye ngoma ikiwa ni waya, kumi ikiwa ni ya sintetiki, kwa sababu ile skrubu ya mwisho haikuwekwa kubeba gari.

Huku kwetu shida nyingine ni kwamba mbugani hakuna mti. Watu hununua winchi, wanakwama, wanaangalia pande zote nne wanaona nyasi. Nazika tairi la spea. Unachimba mtaro wa kwenda kiunoni, mkabala na gari, unalisimamisha tairi ndani likiwa limefungwa mkanda katikati, unachimba na kijifereji chembamba cha mkanda kutokea upande wa gari ili mvuto uwe wa chini, halafu unafukia na kushindilia. Kwa watu wawili ni kama dakika 45. Inachosha, lakini saa ile ya Machi ningekuwa na maarifa hayo na winchi iliyofungwa vizuri, ningefika kwa yule mtamba.

Kamba izungushwe upande wake, ikiingia kwa chini ya ngoma. Nimeona moja imezungushwa kinyume na mwenyewe analalamika kwamba winchi mbovu, haishiki mlimani. Breki yake inashika upande mmoja tu.

Mhariri, ninayoyaomba si mengi. Naomba vyuo vyetu vya ufundi, vikiwemo vya VETA, vinavyofundisha ufundi wa magari, viingize somo la kufunga winchi na kunasua magari, hata kama ni la siku mbili. Magari haya madogo ya porini yanazidi kuja, wauguzi wanayo, maafisa ugani wanayo, wanunuzi wa mpunga wanayo, na winchi za bei nafuu zimejaa madukani. Wauzaji nawaomba wamuulize mteja gari lake lina kilo ngapi kabla hawajamwonyesha iliyo kubwa kuliko zote. Mwenye gari, usiifunge kama pambo. Ukishaifunga, hakuna atakayekuuliza siku ya kukwama kama uliifunga kwa kupendeza au kwa kuvuta. Wewe mwenyewe utaichukua remoti.

Na wenyeviti wa vijiji na vitongoji, walimu, wazazi: waambieni watoto kwamba gari likivutwa kwa kamba au waya, iwe kwa winchi, kwa trekta au kwa pawatila, wakae mbali kuliko urefu wa kamba yenyewe, tena wasisimame kwenye mstari wake wala pembeni mwake. Mimi sasa siwashi mpaka wa mwisho amekaa chini pale nilipomwonyesha. Ikiwa ni waya wa chuma, natundika juu yake magunia mawili ya mpunga yaliyoloweshwa, katikati ya urefu wake. Ukikatika, uzito wa magunia unauangusha chini. Hakuna anayeruka kamba iliyokaza. Kulabu inashikwa kwa kipande cha mkanda, isishikwe kwa vidole, kwa sababu mita ya mwisho inaingia kwenye roli haraka kuliko mtu anavyoweza kuachia.

Ngao ile iliyofunguka bado ninayo. Imelala barazani kwangu, kibati cha kushoto kimekatika, na nyaya zilizoyeyuka nimezifungia hapohapo. Jumamosi nilimwomba yule kijana wa gereji aje aione kabla hajaikabidhi ile Jimny nyeupe, akasema atakuja. Nimemwandalia na kipimo cha bamba langu, kimechorwa kwenye boksi, na matundu yote nimeyaandikia milimita zake. Fundi mwingine yeyote anayekitaka anakaribishwa. Nyumbani kwangu nipo kila siku baada ya saa kumi alasiri.

Afisa mifugo mstaafu,
Rujewa, Mbarali, Mbeya.